Yafaa Kumpa Mwombaji wa Njiani?

Wengi wenu mlioko vijijini hamji Dar es Salaam kwa matembezi. Mwaja kwa ajili ya mgonjwa aliyeandikiwa kwenda Muhimbili, au kwa msiba wa ndugu. Mwashuka katika stendi ya Magufuli pale Mbezi, iliyofunguliwa mwaka 2021, na kabla hamjatua mizigo mmekwisha kukutana na mkono ulionyoshwa. Mkifika huku kwetu Buguruni, penye mataa ya Barabara ya Mandela na ile ya Uhuru, mwamkuta kipofu ameshikwa mkono na mtoto, na mama mwenye kichanga mgongoni, na kijana asiye na miguu ameketi juu ya kigari cha mbao. Taa ikiwa nyekundu hupita dirisha kwa dirisha. Ikiwa kijani hukaa kando wakangoja.

Kijijini mwenye shida mwamjua. Mwajua shamba lake, mwajua kama ni mgonjwa kweli au kama jembe lake limeota kutu. Hapa mjini mwombaji hana jina wala ukoo machoni pa mpita njia. Ndiyo maana wageni wengi hutuuliza ofisini pa parokia: yafaa kumpa, au ni kulea uvivu?

Jibu langu ni kwamba mtu mzima mpe. Mtoto usimpe fedha. Nieleze kwa nini majibu ni mawili.

Juu ya watu wazima husemwa mengi. Husemwa kwamba wote ni matajiri waliojificha. Watu wa mji hupenda kumtaja mzee aliyejulikana kwa jina la Matonya, mtu wa Dodoma, ambaye miaka ya 1990 na ile iliyofuata alilala chali kando ya barabara huku mkono mmoja ameuinua juu. Yusuf Makamba alipokuwa mkuu wa mkoa alimrudisha kwao, naye akarejea mjini. Hata leo mtu anayependa kuomba huitwa Matonya kwa mzaha. Haya, na tukubali kwamba wapo wajanja. Lakini hadithi ya mzee mmoja haitoshi kuwahukumu wote wanaokaa juani Buguruni tangu saa moja asubuhi hadi magharibi. Mimi huwaona kila siku nikija kazini, na sijaona bado mwenye afya njema anayeitamani kazi ile.

Husemwa pia kwamba ni Wagogo tu. Hilo ni kosa, maana wamo watu wa kila mkoa, hata wazaliwa wa mji huu. Tena wanaosema hivyo hawajui walipitia nini watu wa Ugogo. Nchi yao ina mvua ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili, na ikikosekana hakuna ya pili. Katika vita ya kwanza ya dunia majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua ng'ombe na nafaka zao na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakataa. Njaa iliyofuata, waliyoiita Mtunya, iliua maelfu mengi ya watu hadi mwaka 1920. Njaa ilipoingia watu walikwenda kuhemea, yaani walifunga safari kwa jamaa na watani wenye chakula, wakafanya kazi au wakaomba, wakapewa nafaka, wakarudi nyumbani kulima. Hapakuwa na aibu katika jambo hilo, kwa kuwa mwenye kuomba alijulikana na mwenye kutoa alijua kesho ni zamu yake. Kilichoharibika ni kwamba leo safari ya kuhemea inaishia penye mataa ya magari, ambapo hakuna mtani wala jamaa.

Serikali nayo imejaribu kwa amri. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 176, kimemweka anayeomba sadaka hadharani katika kundi la wazururaji, pamoja na yule anayemtuma mtoto kuomba. Mwezi wa Aprili 2016 mkuu wa mkoa wa wakati huo, Paul Makonda, aliwaamuru waombaji waondoke mjini. Waliondoka, kisha wakarudi. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji za namna hii hazipatani na Mkataba wa Afrika. Mtu hawezi kufukuzwa njaa yake kwa polisi.

Basi sisi Wakristo tufanyeje? Wapo wanaomtaja Mtume Paulo na maneno yake kwa Wathesalonike juu ya asiyetaka kufanya kazi. Yafaa wasome vizuri. Paulo aliwaandikia watu wenye nguvu zao waliokataa kazi na kuzunguka katika mambo ya wengine. Hakumwandikia kipofu. Papa Fransisko, aliyefariki Aprili 2025, aliulizwa swali hili hili mwaka 2017 na gazeti moja la Milano liuzwalo na watu wasio na makao. Alijibu kwamba kutoa ni sawa daima, ila si kwa kumtupia mtu sarafu. Umtazame machoni, umguse mkono. Na anayekataa kwa kuogopa kwamba fedha itanywewa pombe, ajiulize yeye hufanya nini kwa siri. Naye Papa Leo XIV, katika waraka wake Dilexi te wa Oktoba 2025, alieleza kwamba msaada mkubwa kwa maskini ni kumpatia kazi njema, lakini kazi hiyo ikiwa haijapatikana hatuna ruhusa ya kumwacha mtu na njaa yake huku tukingoja.

Nimeona jambo hili likitendeka. Mzee mmoja wa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo parokiani ni mzaliwa wa Dodoma. Akipita penye mataa husimama na kusalimu kwa lugha ya kwao, "Mbukwenyi!" Nyuso zinabadilika kabla hajatia mkono mfukoni. Hutoa shilingi 500, wala hana nyingi, lakini huuliza habari za kule nyumbani. Kwa kuuliza hivyo ndivyo tulivyopata kujua habari ya watoto.

Alikuwapo bibi mmoja kipofu, akiongozwa na binti wa miaka kama tisa. Yule mzee aliuliza, "Shikamoo dada, huyu ni mjukuu wako wa kwa nani?" Bibi akanyamaza. Binti naye hakujua kijiji cha huyo anayemwita bibi. Ikadhihirika kwamba ameazimwa. Mtu alifika kijijini kwao, akawaambia wazazi kwamba anatafuta mtoto wa kumshika mkono mama yake mzee, na kwamba atamtia shule mjini. Akaacha gunia la mahindi. Jioni mtu huyo huyo alipita kukusanya sarafu kwa wote waliolala katika chumba kimoja cha kupanga.

Fanyeni hesabu. Watu 30 wakitoa shilingi 200 kila mmoja, ni shilingi 6,000 kwa siku. Watu humpa mtoto upesi kuliko mzee, kwa sababu huruma ni kubwa zaidi. Kwa hiyo kila sarafu ile yenye huruma humwonyesha mwenye biashara kwamba mtoto analipa, naye hurudi kijijini kutafuta mwingine. Ndiyo maana nasema, mtoto mpe chapati na maji, akae karibu nawe ale akimaliza, umwulize jina lake. Fedha usimpe. Sheria ya Mtoto ya 2009 humhesabu mtoto anayeomba kuwa mtoto anayehitaji ulinzi, na ofisa wa ustawi wa jamii ana kazi ya kumshughulikia.

Ofisa alikuja, na baada ya wiki tatu mama wa yule binti akafika kumchukua. Wengine walimtazama vibaya. Mimi niliona mwanamke mwenye miguu iliyopasuka kwa kutembea, ambaye mtama wake ulikauka miaka miwili mfululizo na nyumbani ana watoto watano. Hakumuuza mwanawe. Aliamini neno la shule.

Wala sitawaficha kilichompata yule bibi. Binti alipoondoka alikaa ndani, hana wa kumshika mkono. Akina mama wa jumuiya walimpelekea unga kwa zamu, lakini zamu ikalegea wakati wa mvua. Mwezi wa pili nikamwona tena penye mataa, anaongozwa na mwanamke mtu mzima, na wote wawili wanaomba. Nilimpa.

Kwa hiyo, ninyi mlioko vijijini, akija mtu kuomba mtoto wa kumwongoza mzee mjini, hata kama ni wa ukoo, mwulizeni mtaa na jina la mwenye nyumba, na shule gani atasoma. Mpelekeni kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa katekista, aseme mbele yao. Anayekataa kwenda kwa mwenyekiti mwacheni aende zake na gunia lake. Na kama mtoto amekwisha kuondoka, msikae kwa kuona haya. Pigeni simu namba 116, ni bure, ni ya kuwasaidia watoto. Au mwambieni Paroko wenu aandike kwa parokia ya huku. Atutajie jina la mtoto, umri wake, nguo aliyovaa siku ya kuondoka, na basi alilopanda.