Kuoa, Kuolewa na Kalamu ya Mwandishi wa Sheria

Aghalabu husemwa kuwa Kiswahili, kwa kutokuwa na jinsia ya kisarufi, humpunguzia mzigo mwandishi wa sheria anayezingatia usawa. Kiambishi a- humbeba mwanamke na mwanamume sawasawa, ilhali sheria za Kiingereza zilizorithiwa Afrika Mashariki zilitumia kiwakilishi cha kiume, kisha sheria za tafsiri zikatamka kwamba cha kiume kijumlishe cha kike. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini inaishia kwenye viambishi.

Usawa huo hukoma pindi mwandishi anapofika kwenye ndoa. Hapa jinsia imejificha katika kauli za kitenzi: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kifungu kitakachosema "mtu asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kuoa" kitaonekana kumhusu kila mtu. Kumbe, kwa matumizi ya kawaida ya neno, kinamwacha nje msichana, ambaye ndiye mwenye kuhitaji kinga zaidi. "Kuoa au kuolewa" huziba pengo, ila mmoja hubaki mtenda na mwingine mtendwa. "Kuoana" huwasawazisha, lakini hakumudu kumtaja mmoja peke yake. "Kufunga ndoa" ndiko kunakofaa, hasa pale sheria inapodai hiari ya kila upande. Suala hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2021, Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zake.

Hata hivyo, kuna ubaguzi usioondoka kwa kubadili neno. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 13, iliweka umri wa chini kuwa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke. Kifungu cha 17 kilimtaka msichana aliye chini ya miaka 18 apate ridhaa ya baba, na ya mama endapo tu baba amefariki. Katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kuwa vifungu hivyo vinakiuka Katiba; mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Kasoro ya namna hii hugunduliwa kwa kipimo chepesi, tena kabla rasimu haijafika bungeni: kubadilishana nafasi za wahusika na kusoma upya. Kifungu cha 17 kikisomwa hivyo, mama ndiye atoaye ridhaa, na baba hungoja mkewe afe ndipo naye aulizwe.