Je, Wajua? Barua Pepe Ipaayo Bila Mnara

Kabla simu za mkononi hazijaenea vijijini, barua pepe ilikwisha kuanza kusafiri katika ukanda wetu kwa redio ya mawasiliano, ile ambayo wengi huiita redio koli na Wakongo huiita foni. Tuchukue Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, kuwa mfano, tuone jambo hilo liliwezekanaje.

Je, wajua kwamba kutoka Bwera hadi Kampala ni takriban kilomita 310 kwa mstari ulionyooka? Redio za VHF, kama zile za mkononi za polisi, hazifiki huko peke yake. Wimbi lake hunyoosha njia, na mlima ukilikinga, safari imekwisha.

Wimbi la masafa mafupi, megahezi 3 hadi 30, lina njia nyingine. Hupanda hadi ionosfia, tabaka la anga lililochajiwa na jua, likapindishwa na kurudi ardhini. Sehemu ya tabaka hilo inayofanya kazi kubwa zaidi iko kilomita 250 hadi 400 juu ya vichwa vyetu.

Antena ikifungwa chini chini, wimbi hupanda karibu wima na kumwagika pande zote, hadi kilomita 400 au zaidi. Ni kama taa iliyoelekezwa darini: mwanga hurudi chini na kuenea chumba kizima, hata nyuma ya kabati.

Na kabati la Kasese si dogo. Kilele cha Margherita katika Rwenzori kina mita 5,109. Mji wa Beni, ng'ambo ya mpaka, hauko mbali na mji wa Kasese, lakini safu hiyo ya milima iko kati. Kwa wimbi lipitalo juu, Beni na Kampala ni safari moja.

Je, wajua kwamba watu walilitumia tabaka hilo la anga kabla ya kulithibitisha? Marconi alipokea ishara kutoka ng'ambo ya Atlantiki mwezi Desemba 1901. Edward Appleton alithibitisha kuwepo kwa tabaka hilo mwaka 1924, na akatunukiwa Nobeli mwaka 1947.

Antena yenyewe ni waya tu. Kwa megahezi 7, waya wa mita 20 unatosha, nao huweza kufungwa kati ya miti miwili.

Umeme? Betri ya volti 12, kama ya gari, na paneli ya sola ya kuichaji. Redio ya aina hii hula umeme mwingi inapotuma, kwa kawaida kwa nguvu ya wati 100 hivi, lakini inaposikiliza hula kidogo sana.

Mwendeshaji mzoefu hubadili masafa kwa saa: mchana hupanda juu, usiku hushuka chini. Jua likizama, anga la usiku haliwezi tena kuyarudisha masafa ya juu. Jua lenyewe pia lina msimu wake wa takriban miaka 11, wa kuchangamka na kupoa, na redio huuhisi.

Ikweta inakatiza wilaya ya Kasese, na hilo nalo lina gharama. Katika ukanda wa ikweta, muda mfupi baada ya magharibi, ionosfia huweza kuchafuka na ishara ikawa inakuja na kupotea. Barua muhimu ni heri kuituma mapema.

Kuna pia radi. Takwimu za setilaiti zilizochapishwa mwaka 2016 ziliweka Kabare, Kivu Kusini, katika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi: takriban mimweko 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ziwa Maracaibo la Venezuela pekee ndilo lililoipita, kwa 233. Kila mmweko husikika redioni kama mkwaruzo.

Je, wajua barua huponaje katika kelele hizo? Modemu, kifaa kinachounganisha kompyuta na redio, huikata vipande vidogo, na kila kipande kina namba ya uhakiki. Kikifika kimeharibika, mpokeaji hukiomba tena. Mfumo mashuhuri wa kazi hiyo, Pactor, ulibuniwa na wapenzi wa redio wa Ujerumani mwaka 1991.

Sasa piga hesabu. Pactor ya kwanza ilipeleka biti 200 kwa sekunde hali ikiwa nzuri. Barua ya herufi 2,000 ingechukua kama dakika moja na sekunde 20. Picha ya megabaiti moja ingechukua saa 11, bila kukatika hata mara moja. Ndiyo maana barua za redio zilikuwa maneno matupu: hakuna nembo, hakuna picha, hakuna kurudisha barua nzima ya mwenzio chini ya jibu la mstari mmoja.

Maneno machache yana uzito gani? Juni 2019, wahudumu wa hospitali ya Kagando wilayani Kasese walimtilia shaka mtoto wa miaka mitano aliyetoka Kongo. Alihamishiwa Bwera, na tarehe 11 ikathibitishwa kuwa ni Ebola. Wakati huo simu zilikuwepo. Lakini umri wa mgonjwa, dalili, mahali alikotoka na tarehe ni mambo yanayoenea katika herufi 300. Kwa redio ile ya polepole, hizo ni sekunde 12.

Miaka ya 1990, kampuni ya Bushnet ya Kampala iliuza huduma ya barua pepe kwa redio za masafa mafupi, na mashirika ya misaada yalikuwa miongoni mwa wateja wake. Nalo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikuwa na mfumo wake wa barua za redio kwa vituo vya mbali.

Mtandao wa kompyuta kwa redio na barua pepe ni marika. Mwaka 1971, ambao Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza kati ya kompyuta mbili mtandaoni, Chuo Kikuu cha Hawaii kilizindua ALOHAnet, mtandao wa kompyuta uliounganisha visiwa kwa redio.

Barua nyingine zilipanda juu zaidi. Setilaiti ndogo HealthSat-2, iliyorushwa Septemba 1993, ilipokea barua za matabibu ikipita juu ya nchi moja na kuzishusha ikipita juu ya nyingine. Shirika lililokuwa nyuma yake, SatelLife, lilianzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, na mtandao wake wa HealthNet ulifika Uganda pia.

Iganga, mashariki mwa Uganda, haikungoja kompyuta. Kuanzia mwaka 1996, mradi wa RESCUER uliwapa wakunga wa jadi redio za VHF ili mama mjamzito aliyezidiwa aitiwe gari mapema.

Cambodia walitumia pikipiki. Mwaka 2003, katika mkoa wa Ratanakiri, zilipita shule hadi shule zikiwa na kifaa cha Wi-Fi, zikikusanya na kugawa barua pepe bila kusimama kwa muda mrefu. Boda boda angeielewa kazi hiyo bila semina.

Sri Lanka walitumia redio ya matangazo. Kuanzia 1999, redio ya jamii ya Kothmale ilitafuta mtandaoni majibu ya maswali ya wasikilizaji na kuyasoma hewani. Waliokulia kwenye kadi za salamu na matangazo ya vifo redioni hawatashangaa.

Mlima nao si adui siku zote. Mwaka 2007 nchini Venezuela, Wi-Fi ilipelekwa kilomita 382 kwa sababu antena zilisimikwa juu ya vilele vya milima vinavyoonana.

Na barua pepe kwa redio haijafa. Mabaharia wa mashua ndogo bado hutuma barua pepe kwa masafa mafupi katikati ya bahari. Sababu yao ni ileile ya vijiji vya mpakani enzi zile: kampuni hujenga mnara penye wateja wa kuulipia, na ionosfia haihesabu wateja.