Gari la umeme likiungua, maji ya kuzimia yaende wapi?

Tangu pikipiki za umeme zianze kuonekana Mombasa, kuna swali halikomi maskani: betri ikishika moto, imwagiwe maji au isimwagiwe? Mmoja atasema maji na umeme havipatani, mwengine atasema mchanga, wa tatu atasema kimbia. Kwa sisi raia huyo wa tatu ndiye aliyekaribia ukweli: jitenge na moshi, wapigie wazima moto. Kwao wao jawabu ni maji, tena mengi, na hapo ndipo unapozuka mushkili wa pili ambao huku kwetu hauzungumzwi.

Kwanza tusitishane. Uswidi mwaka 2022 ilihesabu magari 23 ya kuchajiwa yaliyoungua, kati ya kiasi cha 611,000. Ya petroli na dizeli yaliungua kama 3,400, kati ya milioni 4.4. Kwa hivyo si kwamba ya umeme yanawaka ovyo. Tatizo ni kuwa likiwaka, moto wake una tabia nyengine.

Moto wa petroli ukiufunika kwa povu ukaunyima hewa, unakufa. Betri ya litiamu haikubali hivyo. Ndani yake mna seli nyingi zimepangwa pamoja. Seli moja ikiharibika, pengine kwa kugongwa au kwa kasoro ya kiwandani, huchemka, hutoa gesi zinazowaka, na joto lake huichemsha ya jirani, na jirani naye vivyo hivyo. Povu na poda huua ndimi zinazoonekana, lakini ndani shughuli inaendelea. Maji hapa hayazimi moto kama tulivyozoea, yanapoza, mpaka seli ziache kuambukizana. Na betri ya gari iko chini ya sakafu, ndani ya kasha lililozibwa maji yasiingie! Ndiyo maana wazima moto huliinamisha gari upande ili wamwagie uvungu wake, na hutumia kamera inayoona joto kujua kama bado kunachemka. Wakati wote wamevaa mitungi ya hewa, maana katika moshi ule mna hidrojeni floraidi, gesi inayounguza mapafu.

Ni maji kiasi gani? Tarehe 19 Agosti 2024 lori la umeme la Tesla liliacha barabara kuu ya Interstate 80 huko California, likagonga miti, likawaka. Wazima moto walitumia kama lita 190,000 kulipoza. Hayo ni maboza 19 ya lita 10,000. Kwa hesabu ya mkokoteni wa Mombasa ni mitungi 9,500 ya lita ishirini. Lori si tuktuk, gari dogo litataka kidogo kuliko hapo, lakini tuseme kweli: hata robo ya maji hayo katika mji huu mtu angeyatoa wapi saa nane usiku?

Tuseme yamepatikana. Yakishapita kwenye betri inayoungua, hayo si maji tena ya kuachia yatiririke. Taasisi ya utafiti ya Empa ya Uswizi ilichoma sehemu za betri ya gari ndani ya handaki, kisha ikayapima maji. Ya kuzimia yalizidi kiwango kinachoruhusiwa kwa maji taka ya viwandani mara 70, na yale ambamo betri iliyoungua ilitumbukizwa ipoe yalizidi hadi mara 100. Mna metali kama nikeli, kobalti na manganizi, mna litiamu, mna floraidi.

Wenzetu waliotangulia wanaanza na mitaro. Kikosi kikifika, kabla ya maji kuwa mengi, kuna mtu kazi yake ni kuziba midomo ya mitaro kwa mikeka ya mpira au magunia ya mchanga, ili maji yatuame barabarani yanyonywe na boza la maji taka. Uholanzi huliinua gari kwa winchi na kulizamisha ndani ya kontena la maji. Hapo maji yanayotumika ni machache, na yote yamebaki mahali pamoja. Na mara nyengine, kama gari liko peke yake uwanjani, afisa huamua liachwe liungue huku wakilinda yaliyo jirani. Watazamaji wetu wakiona hivyo wataanza kurusha mawe na kusema kikosi kimekuja bila maji. Huenda kimekuja na akili.

Hata kuachia kuungue kuna gharama yake. Januari 2025, ghala la betri za kuhifadhi umeme huko Moss Landing, California, liliachwa liteketee, na watu wapatao 1,200 wakahamishwa. Baadaye wanasayansi walikuta nikeli, manganizi na kobalti zimeongezeka kwenye matope ya hori la Elkhorn lililo karibu.

Nasema hori kwa makusudi. Mitaro ya kisiwa chetu inamwaga hori la Tudor na Kilindini, penye mikoko, kaa na kamba, na watu wanaokula kutokana navyo. Wala sumu ya betri si hadithi ya ng'ambo. Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi risasi kwenye udongo na damu, na ilibidi wangoje hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu irejeshe fidia ya shilingi bilioni 1.3 waliyopewa mwaka 2020. Zile zilikuwa betri za risasi, hizi ni za litiamu, lakini njia ya sumu kufika kwa mtu ni ileile.

Katiba imeipa kaunti kazi ya kuzima moto. Bajeti ikijadiliwa tutasikia magari mapya ya zimamoto, na yanapigwa picha vizuri. Mimi ningeanza na mikeka ya kuzibia mitaro, ramani ya mitaro yenyewe, na mkataba na mwenye boza la maji taka anayeitika usiku. Asije mtu akasema bahari iko hapa, tuvute maji ya chumvi. Florida baada ya kimbunga Ian mwaka 2022, magari ya umeme yaliyozamishwa na maji ya bahari yaliwaka yenyewe siku kadhaa baadaye, kwa kuwa chumvi hupitisha umeme na kula nyaya.

Na lile gofu la gari likishapoa linavutwa hadi kituo cha polisi, linabanwa kati ya matatu zilizopata ajali na pikipiki zilizokamatwa. Betri iliyoungua inaweza kuwaka tena baada ya masaa au siku. Mwongozo wa Marekani unataka mita 15 za uwazi kila upande.