Kinundu cha kitovuni

Katika hospitali ya St. Mary's, mjini Rochester, Minnesota, Marekani, mtawa Mary Joseph Dempsey alikuwa msaidizi wa daktari mpasuaji William Mayo. Akiwaandaa wagonjwa kwa upasuaji, vidole vyake vilikutana na jambo: baadhi yao walikuwa na kinundu kigumu kitovuni, na tumbo likifunguliwa, saratani hukutwa imeshasambaa. Mayo aliliandika hilo mwaka 1928. Mwaka 1949 Hamilton Bailey wa Uingereza akakiita kinundu hicho kwa jina la mtawa huyo, miaka 10 baada ya kifo chake.

Mahali kinundu kinapotokea ngozini hudokeza saratani ilikoanzia. Ya kitovuni hutoka zaidi tumboni na nyongani: mfuko wa chakula, utumbo mpana, kongosho, ovari. Ya titi hupenda ngozi ya kifua, hasa karibu na kovu la upasuaji. Kinundu cha kichwani kinaweza kutoka kwenye figo au mapafu.

Mara nyingi kinundu cha namna hii hakiumi, hakina usaha, ni kigumu kama harage bichi, na ndiyo maana watu hukaa nacho. Kuna pia sura nyingine inayotupotosha hata sisi waganga: ngozi ya kifua inakuwa nyekundu na yenye joto, mama anapewa antibayotiki, dozi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na wekundu unazidi kutambaa. Hapo nasihi: acheni dawa, kateni kipande cha ngozi kipimwe.

Kwa macho hakuna awezaye kuapa. Kinundu cha kitovuni chaweza pia kuwa ngiri, na daktari ahakikishe kwanza kuwa siyo. Basi mgonjwa hupigwa ganzi, kisu cha duara cha milimita 4 kinazungushwa, na kipande kinatumbukizwa kwenye formalini. Chini ya darubini, mimi mwanapatholojia naona seli za saratani zimejazana ndani ya ngozi, ilhali tabaka la juu mara nyingi ni zima, halina habari. Hapo nashuku kwamba mgeni huyu ametoka mbali. Kutambua kwao kunahitaji rangi za kingamwili: TTF-1 huelekeza mapafuni, PSA kwenye tezi dume.

Lakini kipande ni kidogo, hakitoshi kujaribia rangi zote. Fomu inayoambatana nacho ikija imeandikwa "uvimbe, kifua" tu, nabaki nikibahatisha. Ikiandikwa kwamba mama alikatwa titi miaka 6 iliyopita, naanza na rangi ya vipokezi vya estrojeni, na jibu hilohilo humwonyesha daktari wake dawa ya kuanza nayo.