Mwaka wa Kuzaliwa Hautibu: Unajimu wa Kichina na Mgonjwa Aliye Ughaibuni

Kwa hesabu ya jadi ya Wachina, aliyezaliwa mwaka 1948 ni mtu wa udongo, na aliyezaliwa mwaka 1957 ni mtu wa moto. Inayoamua ni tarakimu ya mwisho ya mwaka: 0 na 1 ni metali, 2 na 3 ni maji, 4 na 5 ni mti, 6 na 7 ni moto, 8 na 9 ni udongo. Waliozaliwa Januari au mwanzoni mwa Februari mara nyingi huhesabiwa katika mwaka uliotangulia, kwa kuwa mwaka wa Kichina huanza baadaye kuliko wetu. Asili hizo tano zikizungushwa pamoja na wanyama kumi na wawili, kuanzia panya hadi nguruwe, hupatikana duru la miaka 60. Hesabu hiyo haitumiki kwa sherehe za mwaka mpya na kupanga ndoa tu. Tiba ya jadi iliipa kila asili kiungo chake mwilini: mti una ini, moto una moyo, udongo una bandama na uvimbe, metali ina mapafu, maji yana figo. Basi bibi wa Kichina aliyelazwa San Francisco au Vancouver kwa ugonjwa wa mapafu, naye alizaliwa mwaka wa metali, anaweza kuwa na swali ambalo daktari wake hakufundishwa kulitarajia: je, mwaka wangu unaniruhusu kupona?

Naliona swali hilo kuwa zito, na jibu lake lina pande mbili ambazo watu hupenda kuzitenganisha. Mwaka wa kuzaliwa haumponyi mtu wala haumuui. Hata hivyo, imani juu ya mwaka huo inaweza kubadili anachokula mgonjwa, dawa anazokubali, siku anayokwenda kwa daktari na matumaini anayolala nayo. Kwa sababu hiyo unajimu ni habari ambayo mtabibu wa wahamiaji anaihitaji, na papo hapo ni mwongozo mbaya kwa mgonjwa anayetaka kupona. Ushahidi unaotajwa mara nyingi kuutetea, ukisomwa kwa makini, unaelekea huko huko.

Ushahidi wenyewe ulitoka California. Mwaka 1993 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti wa David Phillips na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Walikusanya kumbukumbu za vifo vya watu wazima 28,169 wenye asili ya Kichina, wakazilinganisha na za Wazungu 412,632 wa jimbo hilo hilo. Waligundua kwamba Wachina waliougua ugonjwa unaohusishwa na asili ya mwaka wao, kwa mfano mtu wa udongo mwenye saratani au mtu wa metali mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, walikufa wakiwa na umri mdogo zaidi kuliko Wachina wenzao wenye ugonjwa ule ule waliozaliwa miaka mingine. Tofauti ilikuwa kati ya mwaka 1.3 na 4.9. Tena ilikuwa kubwa zaidi katika makundi yaliyoshika mila kwa nguvu. Wanajimu wa mitaa ya Wachina wangeweza kushangilia, na mpaka leo utafiti huu hutajwa kana kwamba ulithibitisha hesabu zao.

Lakini uwatazame wale Wazungu 412,632. Nao walizaliwa katika miaka ile ile, chini ya anga lile lile, wakaugua saratani na mapafu yale yale, lakini mwaka wa kuzaliwa haukuwapunguzia chochote. Kama mwaka wa udongo ungekuwa na nguvu yake juu ya mwili, usingechagua kabila. Sumu haimuulizi mtu anaamini nini kabla ya kumdhuru. Kwa hiyo matokeo yale, hata tukiyachukua kuwa sahihi kwa asilimia mia, yanaukana unajimu kama elimu ya mwili na kuacha maelezo mamoja tu, nayo ndiyo waliyoyatoa watafiti wenyewe: aliyeambiwa tangu utotoni kwamba ugonjwa fulani ni wake kwa kuandikiwa, akiupata hukata tamaa mapema, na kukata tamaa kuna gharama yake.

Na je, tuyachukue kuwa sahihi? Hapa msomaji anapaswa kujua sehemu ya pili ya habari, ambayo haikusambaa kama ile ya kwanza. Mwaka 2006 mchumi Gary Smith alichapisha uchambuzi mpya katika jarida la Health Psychology. Alionyesha kwamba magonjwa mengi yalikuwa yameachwa nje ya utafiti wa 1993, na kwamba baadhi ya yaliyoingizwa hayakuwa na mwaka mmoja ulio dhahiri. Kisha akachukua kumbukumbu za vifo za California za miaka ambayo Phillips hakuitumia, yaani 1960 hadi 1968 na 1991 hadi 2002, akauliza swali lile lile. Tofauti ile haikuonekana tena. Mwenendo kama huo ulitokea pia juu ya tarakimu 4, ambayo katika Kichina hutamkwa karibu sawa na kifo. Phillips aliandika katika jarida la BMJ mwaka 2001 kwamba vifo vya moyo miongoni mwa Wachina na Wajapani wa Marekani huongezeka tarehe 4 ya mwezi. Watafiti waliotafuta jambo hilo miongoni mwa Wachina wa Hong Kong, ambako mtu angetarajia hofu hiyo iwe na mizizi mirefu zaidi, hawakulipata. Hukumu yangu ni kwamba kuogopa nyota kunaweza kumdhuru mgonjwa mmoja mmoja, lakini hakuna msingi imara wa kusema kunapunguza miaka kadhaa ya maisha ya jamii nzima. Anayemtisha mhamiaji kwa takwimu za 1993 anamtisha kwa kitu ambacho kilipopimwa upya hakikusimama.

Kati ya njia ambazo imani huigusa afya, iliyo na ushahidi mzuri zaidi ni ya matendo. Nchini Taiwan, mwezi wa saba wa kalenda ya jadi huitwa mwezi wa mizimu, na wazee huwakataza vijana kwenda kuogelea kwa kuwa pepo za waliozama zinatafuta wa kuzirithi. Watafiti wa huko walipohesabu vifo vya kuzama majini, walikuta vimepungua katika mwezi huo. Maelezo yake hayahitaji mizimu: asiyeingia majini hazami. Imani iliyobadili tendo ilibadili idadi ya maiti, na safari hii kwa manufaa. Mgeuzie mgonjwa mantiki hiyo hiyo. Kalenda ikimwambia apumzike, ale uji wa moto na asitoke kwenye baridi, atafaidika. Ikimwambia siku ya upasuaji ni mbaya, naye akaahirisha kuondolewa uvimbe kwa miezi miwili, uvimbe hautaisubiri kalenda.

Kwa nini basi mhamiaji huishikilia kalenda hiyo? Wapo wanaosema ni ukosefu wa elimu, na jibu hilo linanikera kwa sababu linafuta historia. Wachina wa California walikuwa na sababu za kutoiamini hospitali. Sheria ya Marekani ya mwaka 1882 iliwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini, na haikufutwa hadi 1943. Tauni ilipozuka San Francisco mwaka 1900, mtaa wa Wachina uliwekewa karantini iliyowabana wao huku ikiruka maduka ya Wazungu, mpaka mahakama ya shirikisho ikaamuru iondolewe. Hospitali yao wenyewe katika mtaa huo ilifunguliwa mwaka 1925. Katika mji mdogo wa John Day, Oregon, mganga Ing Hay alitibu watu kwa miongo mingi kwa kushika mapigo ya mkono na kuchemsha mitishamba, na wateja wake hawakuwa Wachina peke yao. Aliyekataliwa mlangoni hubaki na kile alichokuja nacho mfukoni: almanaka, majina ya mizizi, na mzee anayejua kuzisoma hesabu.

Kuna sababu nyingine, nayo ina nguvu hata pale ambapo ubaguzi umepungua. Arthur Kleinman, daktari wa akili wa Harvard aliyefanya utafiti Taiwan, alipendekeza pamoja na wenzake mwaka 1978 kwamba daktari amuulize mgonjwa maswali machache: unadhani nini kimesababisha tatizo lako, kwa nini limeanza wakati huu, unaogopa nini zaidi. Hospitali ya kisasa ina majibu mazuri juu ya namna ugonjwa unavyofanya kazi, lakini huwa kimya mgonjwa anapouliza kwa nini yeye na kwa nini sasa. Aliye nyumbani hupata majibu ya maswali hayo kwa ndugu, majirani na viongozi wa dini wanaokaa kando ya kitanda. Aliye ughaibuni mara nyingi anazungumza na mkalimani kwa dakika kumi na tano. Mnajimu humkalisha saa nzima, humuuliza alizaliwa wapi na saa ngapi, hutaja wazazi wake, kisha humpa hadithi ambamo ugonjwa una mwanzo na mwisho. Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki watalielewa hili bila mkalimani, kwani falaki na kutazamia nyota vimekuwa kwetu kwa karne nyingi, na anayekwenda kupigiwa ramli mara nyingi anatafuta mtu wa kumsikiliza.

Usikivu huo una thamani inayopimika. Mwaka 2008 Ted Kaptchuk, mtafiti wa Harvard aliyesomea tiba ya Kichina huko Macau, alichapisha pamoja na wenzake matokeo ya jaribio la wagonjwa 262 wa matumbo yanayosokota. Kundi la kwanza liliwekwa kwenye orodha ya kusubiri tu. La pili lilipewa tiba ya sindano za uongo zisizopenya ngozi, na mtoa tiba hakuzungumza nalo sana. La tatu lilipewa sindano zile zile za uongo, lakini mtoa tiba aliwauliza habari zao, akawasikiliza na kuwapa moyo. Baada ya wiki tatu, waliosema wamepata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 28, 44 na 62. Tofauti ya mwisho, kutoka 44 hadi 62, ilitokana na uhusiano na mtoa tiba. Matumbo yanayosokota si saratani, na hakuna aliyeonyesha kwamba maneno ya upole huyeyusha uvimbe. Ila maumivu, usingizi, hamu ya kula na uvumilivu wa kumaliza dozi ni sehemu kubwa ya kupona, navyo huguswa na namna mtu anavyohudumiwa. Nafuu anayoisifia mhamiaji baada ya kusomewa nyota inawezekana kabisa ni ya kweli, na chanzo chake ni kuhudumiwa.

Mtetezi atasema: tiba ya Kichina ina zaidi ya miaka elfu mbili, na ndiyo iliyotupa dawa ya malaria. Hoja hii inastahili jibu la heshima, kwa kuwa dawa mseto inayotolewa katika zahanati zetu inatokana na kazi ya Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ni kweli alisoma maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, aliyeagiza majani ya qinghao yalowekwe majini na kukamuliwa, na kutoka hapo akatambua kwamba moto wa kuchemsha huenda ndio ulioharibu dawa. Akabadili njia ya kuikamua, akaijaribu kwa wanyama, akaimeza mwenyewe, ndipo wagonjwa wakapewa. Katika safari hiyo yote hakuna aliyehitaji kujua mgonjwa alizaliwa mwaka wa moto au wa maji. Artemisinini huua vimelea kwa mtu wa kila mwaka. Ukale wa maandishi uliwapa watafiti mahali pa kuanzia, na kupima kukawapa dawa. Hesabu za mwaka wa kuzaliwa nazo zimepimwa, tumeona California, na hazikufaulu.

Wapo pia wanaouliza madhara yako wapi, kama mzee anafarijika. Madhara huanza ushauri unapotoka kwenye maneno na kuingia kwenye kikombe. Aliyeambiwa figo zake zina upungufu wa maji atauziwa mizizi ya kuziimarisha, na mizizi si faraja tupu. Nchini Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wateja zaidi ya mia moja wa kliniki ya kupunguza unene waliharibikiwa figo baada ya mmea mmoja wa Kichina kuchukuliwa kimakosa badala ya mwingine kwenye dawa zao, na baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. Mzizi wa danggui, unaopendwa sana na wanawake wa Kichina baada ya kujifungua, unaweza kumfanya atokwe na damu kupita kiasi mtu anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mgonjwa anayeogopa kuchekwa hataitaja supu ya mzizi huo kwa daktari, na daktari asiyeuliza hatajua kwa nini damu haigandi.

Kwa hiyo nawaomba madaktari na wauguzi wanaohudumia wahamiaji, wa Kichina na wetu walioko Muscat, Leicester au Minneapolis, waulize bila kejeli: nani mwingine anakutibu, anakupa nini, na amekuambia nini juu ya ugonjwa huu? Nawe mgonjwa, kama kalenda ya wazee wako inakupa utulivu, ifuate katika chakula, mapumziko na siku ya kuwaalika ndugu. Tarehe ya upasuaji, kipimo na dozi zipange na daktari wako, na kila mzizi unaouchemsha mtajie kwa jina au umpelekee kipande chake.