Mrabaha wa Nyamongo na safari ya neno "royalty"

Taarifa za mapato ya Mgodi wa Dhahabu wa North Mara, uliopo Nyamongo wilayani Tarime, hutaja mrabaha, ambao wengi huuita "royalty". Neno hilo la Kiingereza lina maana kadhaa, na anayezichanganya anaweza kudai haki yake katika ofisi isiyohusika.

Asili yake ni Kilatini, kupitia Kifaransa cha kale, katika neno lenye maana ya mfalme. Hadi leo hutumika kwa ukoo wa kifalme. Likahusu pia haki za mfalme, madini yakiwemo. Mwaka 1568 mahakama ya Uingereza iliamua kuwa dhahabu na fedha ni mali ya Malkia Elizabeth I, hata zikichimbwa katika ardhi ya mtu mwingine. Baadaye neno likawafikia waandishi na wavumbuzi, wanaolipwa kila kazi yao inapotumiwa.

Kiswahili kilimwacha mfalme. "Mrabaha" hutokana na Kiarabu, kwenye asili yenye maana ya faida, na hapo ndipo penye mtego, kwani mrabaha wa madini hautozwi kwenye faida. Kwa mujibu wa Sheria ya Madini, hukokotolewa kutokana na thamani ghafi ya madini, hivyo hudaiwa hata mgodi ukipata hasara. Marekebisho ya mwaka 2017 yalipandisha kiwango cha dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6. Sheria ya umiliki wa maliasili ya mwaka huohuo ilitamka kuwa rasilimali hizo ni mali ya wananchi, Rais akiwa mdhamini wao. Anayelipwa, basi, ni mwenye mali, si fadhila.

Nyamongo jina hilo hubeba malipo mawili. Mrabaha wa kisheria hukusanywa na Tume ya Madini kwa niaba ya Serikali. Mwingine ni wa asilimia 1, ambao vijiji vya Kerende, Kewanja, Nyangoto, Genkuru na Nyamwaga vimekuwa vikipokea kwa makubaliano na mgodi. Matumizi ya fedha hizo huulizwa katika mkutano mkuu wa kijiji.

Ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo si mrabaha. Huo hulipwa halmashauri. Wala madarasa na visima vinavyojengwa chini ya wajibu wa kampuni kwa jamii si mrabaha. Mpango wake huandaliwa na mgodi kwa kukubaliana na halmashauri, na diwani wa kata ndiye wa kuulizwa.