Wiki nane kiwandani: nani hasa anamfundisha injinia?

Katika vitabu vya kumbukumbu ambavyo wanafunzi wa uhandisi huenda navyo kiwandani, kila wiki ina nafasi ya sahihi ya mhandisi msimamizi. Mhandisi huyo mara nyingi ana vikao viwili asubuhi na ripoti ya uzalishaji inayosubiriwa kabla ya mchana. Atasaini Ijumaa jioni, pengine wiki tatu kwa mpigo. Aliyeshinda na mwanafunzi tangu Jumatatu, akamwonyesha jinsi ya kusikiliza beringi kwa bisibisi ndefu, ncha ikigusa kasha la mota na mpini ukiwa sikioni, ni fundi mitambo wa zamu. Jina lake mara nyingi halimo kwenye kitabu.

Nadhani hapo ndipo mafunzo kwa vitendo yanapochechemea, kuliko kwenye uhaba wa nafasi ambao husemwa kila mwaka. Nafasi ni chache kweli. Kuanzia Julai, ukipita Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam, hutakosa kuona vijana wenye bahasha za kaki wakisubiri kwenye mageti ya viwanda, na mlinzi akiwaambia waache barua, watapigiwa simu. Lakini muulize aliyepata nafasi amejifunza nini. Wapo watakaokusimulia kwa macho yanayong'aa, na wapo watakaokwambia walikaa karakana miezi miwili wakitazama simu. Mara nyingi wote wametoka kiwanda kimoja. Tofauti yao ni fundi waliyeangukia.

Mpango wenyewe kwenye karatasi ni mzuri. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako wanafunzi wanayaita PT, mafunzo haya huchukua wiki nane kila baada ya mwaka wa masomo. Wazo ni kwamba mwaka wa kwanza kijana achafue mikono kwa kazi za fundi wa kawaida, wa pili apande hadi kazi za fundi sanifu, na wa tatu aanze kufikiri kama mhandisi. Yaani katika ngazi mbili kati ya tatu, kwa mantiki ya mpango huohuo, mwalimu wake halali ni fundi.

Kitivo cha Uhandisi cha chuo hicho, pale Mlimani, kilianza mwaka 1973, kikisaidiwa na Ujerumani, wakati nchi ilikuwa inajenga viwanda vya umma kwa kasi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, Ubungo, kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na jirani yake UFI ikifua majembe. Mwanza kulikuwa na Mwatex ya nguo, Arusha na General Tyre ya matairi. Viwanda hivyo vilikuwa na karakana kubwa za kuchonga vipuri, kwa sababu fedha za kigeni za kuviagiza zilikuwa adimu na bila kuchonga mashine ingelala. Fundi wa mashine ya kukereza alikuwa mtu mzito. Ulipofika ubinafsishaji wa miaka ya 1990 vingi vilidhoofika au kufungwa, baadhi ya majengo yakawa maghala, na karakana zile zikaenda nazo. Viwanda vipya huagiza spea nje na kuibadilisha. Ni haraka zaidi, sina ugomvi na hilo, ila mwanafunzi huona kifaa kikitoka kwenye boksi bila kujua kwa nini kile cha zamani kimekatika.

Halafu kuna suala la kalenda, ambalo sijui kwa nini halizungumzwi. Chukua viwanda vya sukari, kwa mfano Kilombero au TPC ya Moshi. Miwa husagwa kuanzia katikati ya mwaka, na mvua za masika zikishika kazi husimama. Katika kipindi hicho cha kusimama ndipo kiwanda hufunguliwa chote: rola za kukamua huteremshwa na kuchongwa upya meno, mabomba ya boila husafishwa na kupimwa unene, giaboksi hufunguliwa na kila gia kukaguliwa. Wiki moja ya Aprili pale ina mafunzo ya mwaka mzima. Lakini Aprili mwanafunzi yuko darasani akichora rola hiyohiyo ubaoni. Anafika Julai au Agosti, wakati mitambo imeshafungwa na inaunguruma usiku na mchana, na kila aliyepo anaomba isisimame. Anaona vifuniko.

Kwenye saruji mambo ni tofauti kidogo, na hapo bahati huweza kumwangukia mtu. Tanuri la saruji ni bomba refu la chuma lililolazwa kwa mteremko, limejengewa matofali ya moto ndani, na linazunguka polepole huku malighafi ikifikia nyuzi 1,450 za Selsiasi hadi kuwa klinka. Umeme ukikatika ghafla, moto unazimika lakini joto linabaki. Tanuri likiachwa limetulia, upande wa chini hubeba uzito na joto kuliko wa juu, na chuma huanza kupinda. Kwa hiyo kuna mota ndogo ya akiba, au injini ya dizeli, ya kulizungusha kidogokidogo mpaka lipoe. Mwanafunzi anaweza kuyasoma hayo katika ukurasa mmoja. Lakini akiwepo usiku umeme unapokatika, akamwona fundi wa zamu akikimbilia injini ile kabla ya kumpigia bosi simu, atajua kwa maisha yake yote kipi huanza na kipi hufuata. Fundi hatamweleza kwa hesabu za mtanuko wa chuma. Atamwambia tu, "Injinia, tukizubaa hili linakuwa ndizi."

Mafundi huwaita wanafunzi hivyo tangu siku ya kwanza, "injinia", nusu heshima nusu utani. Kijana mwenye akili huitikia "naam, fundi", anashika taa pale anapoambiwa, na kuuliza. Mwenye kuona kushika taa ni kudharauliwa hurudi chuoni na picha nyingi za ovaroli na kofia ngumu. Tusiwalaumu vijana peke yao, hata hivyo. Mafundi nao wana sababu za kubana maarifa. Wengi wamewahi kumfundisha kijana ambaye miaka mitatu baadaye alirudi kuwa bosi wao, kwa mshahara ambao wao hawataufikia. Zamu ina watu wachache, laini ikisimama kila dakika inahesabiwa, na hakuna anayemwongezea fundi hata shilingi kwa kumlea mgeni asiyejua spana namba kumi na tisa. Mwanafunzi akiumia, fundi ndiye ataandika maelezo.

Fedha za mafunzo zipo kwenye mfumo. Waajiri wa Tanzania hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi kwa asilimia ya mishahara, na sehemu yake huenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Kenya mwajiri hulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, na anaweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo. Kwa wahitimu, Bodi ya Usajili wa Wahandisi nchini Tanzania imekuwa ikiendesha tangu mwaka 2003 mpango wa miaka mitatu wa kuwalea kazini kabla ya kusajiliwa. Yote hayo yanamtazama mwajiri, mhitimu na mhandisi anayemsimamia. Wajerumani, waliotusaidia kuanzisha kitivo, wana kanuni inayotaka anayewafundisha wanagenzi kiwandani afaulu mtihani wa ualimu wa kazi. Naye akishafaulu, kufundisha ni sehemu ya kazi anayolipwa.

Sioni haja ya kunakili mfumo wote ule. Wao wana karne kadhaa za vyama vya mafundi nyuma yao. Lakini mambo mawili yanawezekana bila sheria mpya. Chuo kinaweza kuweka mstari wa pili wa sahihi, wa fundi aliyefanya kazi na mwanafunzi, pamoja na swali moja: kijana huyu amefungua nini kwa mikono yake? Na idara za mitambo zinaweza kuzungumza na viwanda vya msimu ili wanafunzi wachache wa mwaka wa tatu waende wakati wa masika, hata kama itabidi mitihani yao isogezwe.

Jambo hili lina haraka kuliko linavyoonekana. Fundi aliyeingia kiwandani mwaka 1985 akiwa na miaka 20, enzi za kuchonga spea badala ya kuagiza, alitimiza miaka 60 mwaka 2025.